Deni la Bodi na Mshahara wa Injinia wa Umeme: Mafunzo Niliyopata

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, ndugu na majirani hunitafuta kwa swali moja: “Injinia, hivi umeme unalipa?” Siku hizi sijibu ndiyo wala hapana. Humuuliza kwanza mwenye swali: unakopa kiasi gani, na unategemea kushika kiasi gani mkononi kila mwezi katika miaka mitano ya mwanzo baada ya chuo? La kwanza wengi hulikisia. La pili huwa jipya kwao. Nilipoingia mwaka wa kwanza 2015, mtaani kwetu hakuna aliyekuwa akiliuliza. Uhandisi ni kozi ya maana, mkopo unatoka Bodi, mengine Mungu atajalia.

Hesabu zilizomo humu ni zangu. Mwenye kozi nyingine au chuo kingine abadilishe namba tu, hesabu yenyewe inabaki ileile.

1. Deni kubwa ni la tumbo, si la ada

Watu wakisikia mkopo wa chuo hufikiria ada. Mimi Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ilinipangia asilimia 60 ya ada, na ada yenyewe ilikuwa milioni moja na nusu kwa mwaka. Hiyo ni 900,000, mara miaka minne, milioni 3.6. Baki ya ada alihangaika nayo mama pamoja na mjomba wangu wa Morogoro.

Sasa tazama bumu, yaani fedha ya kujikimu. Enzi zetu ilikuwa shilingi 8,500 kwa siku. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 ni 10,000. Kwa siku kama 240 za masomo kwa mwaka, ni milioni mbili na kidogo. Kwa miaka minne, milioni nane. Vitabu na viandikwa 200,000 kwa mwaka. Mafunzo kwa vitendo, ile PT ya wiki nane tuliyokwenda mara tatu, nayo ina posho yake kwa siku zote 56. Ukijumlisha yote unafika milioni 14 hivi, na zaidi ya nusu yake niliila kwa wali maharage, chumba cha kupanga na nauli ya daladala.

Hili lina maana kwa mzazi. Mwanafunzi anayelala nyumbani na kula nyumbani anaweza kutoka chuoni akiwa na akiba ya bumu, lakini deni lake liko sawa na la yule aliyepanga. Bumu si zawadi. Nilikuwa na rafiki ambaye kila lilipoingia alinunua simu mpya. Simu hizo zimeshaingia makumbusho, na yeye bado anakatwa.

Uhandisi una mwaka wa nne pia. Wenzetu wa shahada za miaka mitatu walitangulia kutoka, deni lao likiwa pungufu kwa kama milioni tatu, na wakawa na mwaka mzima wa kutafuta kazi wakati sisi tunahangaika na mradi wa mwisho. Mwaka ule nao ni gharama, ingawa hauonekani kwenye karatasi yoyote.

2. Isome slipu ya mshahara kabla hujaipata

Marekebisho ya sheria ya 2016 yalipandisha makato ya Bodi kutoka asilimia 8 hadi 15 ya mshahara wa msingi. Namba 15 ukiisikia haitishi. Iweke kwenye slipu uone.

Kazi yangu ya kwanza yenye mkataba ilikuwa ya sekta binafsi, mshahara 800,000. Kwa viwango vya sasa vya kodi, slipu hiyo inakwenda hivi. NSSF wanachukua asilimia 10, yaani 80,000. Zinabaki 720,000 ambazo ndizo zinatozwa kodi. PAYE yake ni 60,000. Halafu Bodi inachukua 120,000, na inahesabu kwenye ile 800,000 yote, si kwenye kilichobaki. Unaondoka na 540,000.

Umeona? Bodi peke yake inakata mara mbili ya kodi ya serikali. Kwa Dar es Salaam, ukitoa chumba, nauli, chakula na kile unachotuma nyumbani, kwenye 540,000 hakuna kinachobaki cha kuita akiba. Na kwa 120,000 kwa mwezi, milioni 14 zinachukua karibu miaka kumi kwisha.

Mtu huyohuyo akipanda hadi 1,500,000, mambo hubadilika. NSSF 150,000, PAYE 233,000, Bodi 225,000, mkononi 892,000. Deni lote, kama angeanza na mshahara huo, lingekwisha kwa miaka mitano na kidogo. Kwa hiyo swali la kama umeme unalipa, kwangu, linakuwa hili: inachukua muda gani kutoka kwenye 800,000 kufika kwenye 1,500,000? Deni ni lilelile. Kinachotofautisha mhandisi anayepumua na anayekopa kausha damu kila tarehe 15 ni kasi ya kuvuka hapo katikati.

Wamarekani wana kanuni yao ya mkononi: usikope jumla inayozidi mshahara wako wa mwaka wa kwanza. Kwa kanuni hiyo mimi nisingesoma kabisa, kwa sababu 800,000 mara 12 ni milioni 9.6. Lakini mikopo yao mingi ina riba. Ya kwetu ina historia yake, nayo inastahili fungu lake.

3. Deni lisilo na riba ni rahisi, mradi ujue halikuwa hivyo daima

Nilianza kukatwa 2020. Wakati huo kulikuwa na tozo ya asilimia 6 kwa mwaka ya kulinda thamani ya mkopo. Kwa milioni 14, tozo hiyo ni 840,000 kwa mwaka. Mimi kwa mwaka nilikuwa nakatwa 1,440,000. Piga hesabu: katika kila shilingi 100 zilizotoka kwenye jasho langu, 58 zilikwenda kwenye tozo kabla deni lenyewe halijaguswa. Kuna wenzangu wa mshahara mdogo kuliko wangu ambao waliona deni linaganda kabisa, wanalipa mwaka mzima na salio halisogei.

Mei Mosi 2021, pale Mwanza, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo. Ofisini tulishangilia kama Simba na Yanga zimefunga siku moja. Na tulikuwa na haki ya kushangilia, maana tangu hapo 120,000 yangu yote inakwenda kwenye deni.

Tukio hilo liligeuza namna yangu ya kupanga fedha. Mtu mwenye deni la riba hulikimbilia alimalize. Mwenye deni lisilo na riba, wakati bei zinapanda kila mwaka, hana haraka hiyo: 120,000 ya leo hainunui ilichonunua 2020, lakini inapunguza deni kwa 120,000 zilezile. Nilipopata fedha kidogo za ziada, mama alinishauri nizipeleke Bodi nijivue mzigo. Nilimwambia, “Mama, huu mzigo haukui, acha kwanza.” Zilikwenda kwenye usajili, kozi fupi na vifaa vya kazi, na vyote hivyo vimenilipa.

Ushauri huo haumfai kila mtu, hata hivyo. Kwa mtumishi wa umma anayetaka mkopo wa benki ajenge, asilimia 15 ya Bodi inakaa mbele ya foleni. Makato yote kwa pamoja hayatakiwi kumwacha na chini ya theluthi moja ya mshahara wake wa msingi, kwa hiyo kila Bodi inachochukua kinapunguza kile benki inachoweza kumkopesha. Huyo kama amebakiza milioni moja na kitu, alimalize tu.

4. Miaka ya bahasha ya kaki nayo ina bei

Sheria inampa mhitimu miezi 24 ya kujipanga kabla hajatakiwa kuanza kulipa. Watu huisoma kama huruma. Mimi naisoma kama taarifa: hata walioandika sheria wanajua kazi haikungoji getini.

Baada ya kumaliza, nilitembeza bahasha ya kaki kama wenzangu wote. Tulifanya usaili wa maandishi kupitia Sekretarieti ya Ajira, ukumbi umejaa mpaka kwenye korido, nafasi zenyewe za kuhesabu kwa vidole. Katikati ya usaili na usaili nilipata kibarua kwa mkandarasi mmoja wa majengo, malipo kwa siku. Pale ndipo nilipokutana na mtu aliyenifundisha soko la umeme lilivyo. Nitamwita fundi, kwa sababu ndivyo kila mtu alivyomwita.

Siku moja tuliitwa kwenye jengo ambalo pampu ya maji ilikuwa mpya kabisa, mota inanguruma vizuri, lakini maji hayafiki juu. Mimi nilitoa karatasi. Nikaanza kuuliza ukubwa wa bomba, kimo cha tangi, volti za kila fezi. Fundi alichungulia feni ya nyuma ya mota kwa sekunde chache, akazima breka, akahakikisha kwa testa kuwa hakuna moto, akafungua kifuniko cha kisanduku cha mota, akabadilishana waya mbili kati ya zile tatu, akafunga. Akawasha. Maji yakapanda. Mota ilikuwa inazunguka kinyume. Ukibadilishana fezi mbili zozote kwenye mota ya fezi tatu, inageuza mzunguko. Nadharia yake niliijua kuliko yeye, naweza kukuchorea mpaka leo. Ila yeye alishapokea fedha yake na kuanza kunawa mikono.

“Injinia,” aliniambia tukiwa njiani, na neno lile kinywani mwake lilikuwa na utani ndani yake, “hesabu zako zitakulipa, lakini si mwaka huu.”

Fundi alisoma VETA, umeme wa majumbani. Alianza kuingiza kipato wakati mimi nipo kidato cha tano. Hana deni la Bodi hata senti. Kwa mwaka mzima wa kibarua changu alinizidi kipato, na angenizidi mwaka uliofuata pia kama nisingepata mkataba. Anayepima shahada dhidi ya deni asimsahau huyu mtu: miaka saba au minane ya kipato chake, kuanzia kidato cha tano cha mwenzake hadi mwenzake apate ajira ya kueleweka, ni fedha halisi. Shahada inampita baadaye, kama mwenye shahada atapanda. Mwenye shahada anayebaki kufanya kazi za fundi kwa malipo ya fundi hatampita kamwe, maana anakatwa na Bodi juu yake.

Na kwa mhitimu anayeamua kujiajiri, deni halimsahau. Anatakiwa ajitokeze mwenyewe na kulipa kila mwezi. Mwezi ambao hujapata kazi hata moja, deni halijui.

5. Cheti cha chuo kinafungua mlango. Kinachopandisha mshahara kinatoka kwingine

Hapa ndipo ile safari ya kutoka 800,000 kwenda 1,500,000 ilipopita kwangu.

Mwenye shahada ya uhandisi hapa Tanzania si mhandisi kisheria mpaka Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ERB, imsajili. Unaanza kama mhandisi mhitimu. Ili uwe mhandisi mtaalamu unahitaji uzoefu unaosimamiwa, na ERB wana mpango wa miaka mitatu, SEAP, ulioanza 2003, ambapo mhitimu anafanya kazi chini ya mhandisi mwenye usajili na kuripoti anachofanya. Mwanzoni nilidhani ni urasimu. Kumbe thamani yake ni kwamba inamlazimisha mwajiri wako akupe kazi ya kihandisi, kwa sababu ripoti ya mwaka mzima isiyo na kitu ila kubeba ngazi na kuhesabu taa haitampendeza yeyote.

Upande wa pili ni EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, wanaotoa leseni za ufungaji umeme kwa madaraja, kuanzia W hadi A. Hapa shahada inafanya kazi ambayo cheti cha VETA hakifanyi: madaraja ya juu, yale ya mitambo na msongo mkubwa, yanataka elimu kubwa na uzoefu. Kazi za daraja la chini zina washindani kila mtaa. Kadiri unavyopanda, washindani wanapungua na bei inapanda. Fundi wangu anajua kufunga umeme wa nyumba kuliko mimi, lakini transfoma ya kiwanda hairuhusiwi kuwa yake peke yake. Juzijuzi ameniita kwenye kazi ya aina hiyo, mimi nikiwa mwenye leseni, yeye mwenye mikono. Tuligawana sawa.

Ada za usajili na leseni hazimo kwenye mkopo wa Bodi, na zinakuja wakati huna fedha. Anayepanga bajeti ya shahada ya umeme aziweke humo tangu mwanzo, kama anavyoweka ada ya mwaka wa nne.

6. Mradi mkubwa si ajira ya kudumu

Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo tisa ya megawati 235, jumla 2,115, na mtambo wa kwanza ulianza kuingiza umeme kwenye gridi Februari 2024. Reli ya kisasa inavuta treni kwa umeme. Vijana wanaona habari hizi na kusema umeme ndiyo dili. Ni kweli kwa kiasi chake: wakati wa ujenzi, wahandisi walihitajika kwa wingi. Ujenzi ukiisha, wanaobaki kuendesha ni wachache. Rafiki yangu alilipwa vizuri sana kwenye mradi mmoja, akapanga nyumba nzima, akaongeza michango ya nyumbani. Mkataba ulipokwisha alirudi kutafuta kazi na michango ilikuwa imeshazoeleka. Mshahara wa mradi usiupigie hesabu ya miaka kumi.

7. Kukatwa si kulipa

Mwajiri wangu mmoja, ambaye simtaji, alinikata makato ya Bodi mwezi baada ya mwezi, slipu inaonyesha, 120,000 imeandikwa vizuri. Nilipoomba taarifa ya deni langu, salio lilikuwa halijashuka. Fedha zilikatwa kwangu na hazikufika zilikotakiwa.

Nilichukua slipu zote, nikazitolea nakala, nikapeleka ofisi ya Bodi pamoja na mkataba wa kazi. Nilipokelewa vizuri, niliambiwa jukumu la kuwasilisha makato ni la mwajiri na kwamba watamfuatilia. Mhasibu wetu alinisalimia kwa baridi wiki kadhaa, lakini malimbikizo yaliingia. Tangu hapo naomba taarifa ya deni kila baada ya miezi michache na kuilinganisha na slipu, mstari kwa mstari. Wafanyakazi wenzangu walionicheka kwanza walikuja kuniomba niwaelekeze namna ya kuipata.

Tunza slipu. Kampuni hufungwa, wahasibu huhama, mifumo hubadilishwa. Karatasi yako ndiyo shahidi.

8. Kuna njia ya kupita pembeni

Mdogo wangu wa mwisho alipomaliza kidato cha nne, baba mdogo alishaamua: kijana anafaulu fizikia, aende kidato cha tano, halafu chuo kikuu, awe injinia kama kaka yake. Nilimwomba baba mdogo tukae na karatasi, na yeye mtu wa heshima zake alikubali, ingawa alianza kwa kusema hesabu za fedha mbele ya mtoto si nzuri.

Tuliweka njia mbili. Ya kwanza ni ile niliyopita mimi. Ya pili ni stashahada ya uhandisi wa umeme ya miaka mitatu katika chuo cha ufundi, kisha kazi, kisha shahada baadaye akiwa tayari na ujuzi na pengine mwajiri wa kumwongezea nguvu. Tangu 2023/24 Bodi imeanza kukopesha pia wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele, kwa hiyo njia ya pili si ya wenye fedha tu. Ina upungufu wake: stashahada ikisimama peke yake inagota mapema, na wengi wanaosema watarudi kusoma shahada hawarudi, kwa sababu wakishaoa hakuna tena mwaka wa kusoma. Baba mdogo ndiye aliyelitaja hilo, tena akataja na majina ya ndugu zetu. Upande wangu niliweka mezani namba: kwa njia ya pili kijana ana kazi ya mikono akiwa na miaka 20 au 21, na deni lake halifiki nusu ya langu.

Mdogo wangu alisikiliza mpaka mwisho, akauliza kitu kimoja tu: je, kwa stashahada anaweza kupata leseni ya EWURA? Anaweza, kwa daraja linalolingana na elimu na uzoefu wake. Akachagua stashahada. Sasa hivi yupo mwaka wa pili, likizo anakwenda kufanya kazi na fundi yuleyule wa pampu, na baba mdogo bado anawaambia watu kwamba kijana wake anasomea uinjinia. Hatumsahihishi.